Ukoka, majani ya kufunika uwanja

Watoto, mvua kubwa ikiisha, tokeni nje mtazame uwanja wa mbele ya nyumba. Maji yanapita mbio kwenda barabarani. Je, yana rangi gani? Katika Katanga ni mekundu. Mahali pengine ni meusi au ya kahawia. Maji ya mvua hutoka mawinguni bila rangi. Basi rangi ile imetoka wapi? Imetoka uwanjani kwenu. Maji hayaendi peke yake, yanachukua udongo.

Sasa tazameni chini ya ukuta. Nyumba ilipojengwa, msingi wake ulifichwa ardhini. Leo matofali ya chini yanaonekana, na mizizi ya mwembe iko nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Nyumba haikupanda juu. Udongo ndio ulioshuka.

Leo tutajifunza namna ya kuushika udongo huo kwa majani mafupi yanayoitwa ukoka.

1. Uwanja mtupu na uwanja wenye majani

Katika vijiji na miji yetu mingi, desturi ni kuufagia uwanja kila asubuhi, na kung'oa kila jani linaloota. Wazee walikuwa na sababu nzuri. Majani marefu karibu na mlango huficha nyoka. Uwanja mweupe unamwonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni. Tena uwanja uliofagiwa unaonyesha kwamba wenye nyumba si wavivu.

Lakini majani mafupi, yasiyozidi urefu wa kidole, hayamfichi nyoka. Unamwona vilevile. Na wengine husema kwamba majani huzaa mbu. Hiyo si kweli. Mbu huzaliwa majini: katika makopo, katika matairi ya zamani, katika madimbwi, katika pipa lisilo na kifuniko. Ukitaka kupunguza mbu, mwaga maji hayo kwanza.

Tufanye hesabu kidogo. Katika Lubumbashi mvua ya mwaka mmoja ni milimeta 1,200 hivi, na karibu yote hunyesha toka mwezi wa Novemba mpaka Aprili. Siku moja ya mvua kali inaweza kuleta milimeta 50. Milimeta 50 maana yake ni litri 50 juu ya kila meta moja ya mraba. Kama uwanja wenu una urefu wa meta 20 na upana wa meta 10, ni meta za mraba 200. Litri 50 mara 200 ni litri 10,000. Hayo ni mapipa 50 ya litri 200, yaliyomwagwa uwanjani kwa siku moja!

Tena mvua haimwagwi polepole. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa meta 9 hivi kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu, huuvunja na kuurusha. Chembe ndogo huziba matundu ya udongo, na maji hukosa njia ya kuingia. Basi yanatafuta njia ya kwenda mbele. Yanakimbia, na yakikimbia yanachimba.

Uwanjani penye ukoka mambo ni mengine. Tone linapiga jani, si udongo. Linapasuka na kuteremka taratibu. Maelfu ya mashina madogo yanazuia maji yasikimbie. Mizizi imefungua njia chini, na maji mengi yanaingia ardhini. Yale yanayobaki juu yanatoka uwanjani yakiwa karibu meupe.

Labda mtu atasema: «Udongo kidogo ukipotea, si neno.» Haya, tufanye hesabu nyingine. Kama uwanja wa meta za mraba 200 ukipoteza sentimeta moja tu ya udongo, umepoteza meta za ujazo 2. Toroli moja hubeba litri 50 hivi. Basi ni matoroli 40 ya udongo. Nani atayarudisha?

Na udongo huo hauishii mbali. Unajaza mtaro wa barabara. Mtaro ukijaa, maji yanapita katikati ya njia. Maji ya viwanja vingi, ya mapaa mengi na ya barabara nyingi yakikutana mahali pamoja penye mteremko, yanachimba korongo. Makorongo ya namna hiyo yamekula nyumba nyingi katika Kinshasa na Kananga. Usiku wa tarehe 12 kuamkia tarehe 13 Desemba 2022, mvua kubwa ya Kinshasa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Fahamuni vizuri: ukoka hauwezi kulizuia korongo lililokwisha kuwa kubwa. Hiyo ni kazi ya mafundi, ya mawe, ya mitaro na ya miti. Lakini korongo huanza dogo, na maji yake hutoka viwanjani. Kila uwanja unaoyashika maji yake unapunguza nguvu ya maji ya chini.

2. Ukoka ni mmea gani?

Ukoka mnaujua wote. Uko kando ya njia, kando ya reli na katika viwanja vya mpira. Mbuzi huula kwa furaha. Majani yake ni membamba na mafupi. Ukiuacha bila kuukata, hutoa bua jembamba, na juu ya bua kuna vidole vitatu mpaka sita hivi, vilivyotanuka kama vidole vya mkono. Katika vidole hivyo ndimo mbegu zake ndogo zinamokaa.

Wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon. Maneno hayo ni ya Kiyunani. La kwanza maana yake ni «jino la mbwa», na la pili ni «kidole». Jino la mbwa, kwa sababu chini ya ardhi machipukizi yake ni makali na meupe kama jino. Ukichimba kidogo mtayaona. Kidole, kwa sababu ya ua lake.

Ukoka una njia mbili za kutembea. Kwanza, hutoa nyuzi juu ya ardhi. Kila uzi una vifundo, na kila kifundo kikigusa udongo wenye maji hutoa mizizi chini na majani juu. Pili, hutoa mashina meupe chini ya ardhi, nayo yana vifundo vilevile. Kwa hiyo ukiukanyaga, ukiukata, hata ukiuchoma juu, haufi upesi. Akiba yake imefichwa chini. Ndiyo maana unafaa uwanja wa shule, mahali ambapo watoto mia wanacheza kila siku.

Majani haya yanayokanyagwa hapa bila kuangaliwa, ng'ambo ya bahari yana heshima kubwa. Katika mji mdogo wa Tifton, huko Georgia katika Marekani, mtaalamu mmoja jina lake Glenn Burton alifanya kazi ya majani miaka mingi. Aliuchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba kutoka Afrika ya Kusini. Mmoja wa watoto wa mchanganyiko wa namna hiyo ulitolewa kwa watu mwaka 1960, ukapewa jina la Tifway. Ni laini, mzito, wa kijani kibichi sana. Lakini hauzai mbegu inayoota, ni kama nyumbu ambaye hazai. Hupandwa kwa vipande tu. Katika nchi nyingi za joto viwanja vikubwa vya mpira hupandwa ukoka wa jamaa hiyo.

Basi msiudharau ukoka wa kando ya njia.

3. Kwa nini hupenda joto?

Majani ya dunia yana jamaa mbili kubwa. Jamaa moja hupenda nchi za baridi, kama ngano na majani ya malisho ya Ulaya. Jamaa nyingine hupenda joto. Mahindi, mtama, muwa na ukoka ni wa jamaa hii ya pili.

Tofauti iko wapi? Kila mmea hula hewa. Kwenye jani kuna matundu madogo sana yasiyoonekana kwa jicho. Kwa matundu hayo mmea huvuta hewa ya kaboni, na kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa sukari. Lakini tundu likifunguka ili hewa iingie, maji ya mmea yanatoka. Wakati wa jua kali mmea una shida: ukifungua, unakauka, na ukifunga, unakosa chakula.

Mimea ya jamaa ya joto ina pampu ndani ya jani. Huikamata hewa ya kaboni kwanza, huipeleka mahali pa ndani zaidi, na huikusanya huko kwa wingi. Kwa hiyo hupata chakula kingi hata matundu yakifunguka kidogo tu. Wataalamu wawili, Marshall Hatch na Roger Slack, ndio walioieleza njia hiyo mwaka 1966 katika Australia, walipochunguza muwa.

Yafuatayo basi tunaweza kuyafahamu bila taabu. Ukoka hukua kwa nguvu joto likiwa kati ya digrii 25 na 35. Chini ya digrii 15 hupunguza kazi. Katika Lubumbashi, usiku wa mwezi wa Juni na Julai, joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10, tena hakuna mvua. Basi ukoka hugeuka manjano. Msilie, haukufa, umelala.

Na neno la pili: pampu ile huendeshwa na jua. Ukoka ukikosa jua hudhoofika. Wahitaji saa sita au zaidi za jua kila siku. Chini ya mwembe mzito hautaenea hata mkiupanda mara kumi. Mahali pa kivuli pandeni majani mengine yenye jani pana, kama Axonopus, yaliyotoka Amerika, kwa kuwa huvumilia kivuli zaidi.

4. Kutayarisha mahali

Kazi nzuri ya ukoka hufanyika kabla ya kupanda. Fuateni mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, ondoeni mawe, vipande vya chupa, misumari na mizizi ya zamani. Watoto watacheza hapo bila viatu.

Pili, ng'oeni magugu, hasa ndago. Ndago ina viazi vidogo chini. Mkikata majani yake tu, itarudi baada ya siku chache. Chimbeni mpaka mvitoe viazi vyote.

Tatu, limeni udongo kwa kina cha sentimeta 15 hivi. Uwanja uliokanyagwa miaka mingi ni mgumu kama tofali, na mizizi haiwezi kuupenya. Mabonge yavunjwe kwa jembe.

Nne, changanyeni mbolea ya zizi iliyooza vizuri, au takataka za bustani zilizooza. Litri 5 kwa meta ya mraba zatosha. Kwa uwanja wetu wa meta 200 ni litri 1,000, yaani matoroli 20. Mbolea mbichi ya kuku msiitumie, itaunguza mizizi.

Tano, sawazisheni kwa reki. Uwanja usielekee nyumbani. Uteremke kidogo kwenda mbali na ukuta, sentimeta moja au mbili kwa kila meta. Mahali ambapo maji ya paa huanguka, wekeni mawe, kwa sababu hapo maji yana nguvu kuliko majani machanga.

5. Kupanda

Wakati wa kupanda ni lini? Ni mvua zinapokuwa zimeshika kweli, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Katika Katanga ni toka katikati ya Novemba mpaka Januari. Mkichelewa mpaka Machi, ukoka hautakuwa na nguvu kiangazi kikifika. Kisangani, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote, mnaweza kupanda karibu wakati wowote. Bukavu, mji wa juu wenye baridi kidogo, ukoka huota vizuri lakini huenea polepole.

Tafuteni ukoka mzuri mahali uliko mwingi. Chagueni ule mfupi na mzito, usio na ndago ndani yake. Ung'oeni pamoja na mizizi, mkate vipande vya sentimeta 15 hivi. Kila kipande kiwe na vifundo vitatu au vinne.

Hapa watu wengi hupoteza kazi yao: vipande hukauka upesi sana. Mkiviacha juani kwa saa chache, mtapanda majani makavu. Viwekeni ndani ya gunia lililoloweshwa maji, kivulini, na vipandwe siku ileile.

Pigeni vigingi viwili na kufunga kamba. Mistari ikate mteremko, isifuate mteremko. Mistari inayoshuka pamoja na maji itakuwa mitaro, lakini mistari inayokata njia ya maji itakuwa ngazi ndogo za kuyazuia. Acheni sentimeta 25 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 25 kati ya kipande na kipande. Kwa namna hiyo vipande 16 huingia katika meta moja ya mraba. Kwa meta 200 ni vipande 3,200. Darasa la watoto 40 likigawana kazi, kila mtoto atapanda vipande 80. Asubuhi moja inatosha.

Kila kipande kilazwe ndani ya udongo, sehemu mbili za tatu zifunikwe, na ncha ibaki nje. Kisha kanyageni kwa mguu, ili udongo ushikane na vifundo. Mwisho mwagilieni maji, hata kama mawingu ni meusi.

Majuma mawili ya kwanza udongo usikauke. Siku isiyo na mvua, mwagilieni asubuhi. Fungeni uwanja kwa kamba ili mtu asipite. Baada ya majuma matatu hivi nyuzi zitaanza kutembea. Baada ya miezi miwili au mitatu ya mvua nzuri, udongo utafunikwa.

6. Kutunza wakati wa mvua

Kupanda ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila juma. Ukoka usiokatwa hupanda juu kutafuta jua, huota mabua, na chini huwa mtupu. Ukoka unaokatwa mara kwa mara hulala na kuenea. Kwa hiyo kukata ndiko kunakoufanya uwe mzito.

Sheria ni rahisi: msikate zaidi ya sehemu moja ya tatu kwa mara moja. Mkitaka ubaki na sentimeta 4, ukateni ukifika sentimeta 6. Wakati wa mvua hiyo ni karibu kila juma. Mkiuacha ufike magotini halafu mkaukata mpaka chini, mtaona uwanja mweupe kama umeungua, kwa maana mmeondoa majani yote yanayopika chakula chake.

Mashine ikiwapo, ni vema. Isipokuwapo, kupekupe inatosha, yaani kile chuma chembamba kilichopindwa nchani cha kufyekea. Inolewe kwanza. Chuma butu huchana jani badala ya kulikata. Kabla ya kuanza, okoteni mawe na vipande vya chuma. Mwenye kufyeka awe mbali na wenzake hatua tano au zaidi. Mtoto mdogo asikaribie kabisa. Jiwe moja linaloruka laweza kuharibu jicho.

Majani mafupi yaliyokatwa myaache palepale. Yataoza na kurudisha chakula ardhini. Yakiwa marefu na mazito, yaondoeni kwa reki, mkayaweke katika shimo la mbolea au mkawape mbuzi na sungura.

Ukoka una njaa. Mwanzo wa mvua, na tena mwezi wa Januari au Februari, tawanyeni mbolea ya zizi iliyochungwa, litri 2 kwa meta ya mraba. Wenye fedha za kununua urea watumie gramu 10 kwa meta ya mraba, yaani kilo 2 kwa uwanja wetu wote. Isitupwe juu ya majani yenye umande, itayaunguza. Itupwe majani yakiwa makavu, kisha yamwagiliwe maji mara moja.

Magugu yang'olewe kabla hayajatoa mbegu. Gugu moja la leo ni magugu mia ya mwaka ujao.

Mkiona mahali majani yameliwa upesi, kana kwamba ng'ombe wamepita usiku, tafuteni viwavi jeshi asubuhi mapema au jioni. Wako wa Afrika wa zamani, na wako wengine waliotoka Amerika, ambao walionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Hawa wa pili hupenda mahindi hasa. Waokoteni kwa mkono wakiwa wachache, mkamwambie mwalimu au bwana shamba, kwa sababu baada ya uwanja watakwenda shambani. Ukoka wenyewe kwa kawaida huchipuka tena.

Mahali ambapo miguu hupita kila siku, kama mbele ya goli au njia ya kwenda darasani, majani hufa. Mbele ya goli, tobosheni udongo kwa uma wa bustani, kina cha sentimeta 8 hivi, pandeni vipande vipya, mkapafunge kwa majuma sita. Lakini njia ambayo watu wote huifuata msipigane nayo. Wekeni mawe bapa au matofali, iwe njia ya kweli.

7. Kiangazi

Mwezi wa Aprili, mvua ikikaribia kuisha, acheni ukoka urefuke kidogo, sentimeta 5 au 6. Majani marefu kidogo hukifunika kivuli chake mwenyewe juu ya udongo, na mizizi hubaki na unyevu.

Je, tuumwagilie wakati wa kiangazi? Tuhesabu tena. Ukoka ukitakiwa kubaki wa kijani, unahitaji litri 25 hivi kwa meta ya mraba kila juma. Kwa meta 200 ni litri 5,000. Hizo ni ndoo 250 za litri 20. Mama na dada zetu wanaochota maji mbali, je, wachote ndoo 250 kwa ajili ya majani? Hapana. Maji ni ya kunywa, ya kupika, ya kufua na ya bustani ya mboga. Uacheni ukoka ulale. Mashina ya chini yana akiba. Mvua zikirudi, baada ya siku chache utaota tena.

Wenye maji mengi wafahamu neno moja: ni afadhali kumwagilia sana mara moja kwa juma kuliko kidogo kila siku. Maji kidogo hubaki juu, na mizizi hubaki juu vilevile. Maji yakienda chini, mizizi huyafuata.

Msichome majani ya uwanja. Moto huacha udongo mtupu, nao hubaki wazi mpaka mvua ya kwanza, ambayo ni kali. Kinyume chake, uwanja wa majani mafupi unaoizunguka nyumba husaidia wakati wa moto wa porini, kwa sababu moto hukosa majani marefu ya kula.

8. Rafiki uwanjani, adui shambani

Sasa sikieni onyo. Ule ule unaoushika udongo uwanjani unaweza kuliharibu shamba la baba. Mwaka 1977 wataalamu waliandika kitabu juu ya magugu mabaya ya dunia nzima. La kwanza ni ndago, na la pili ni ukoka.

Sababu ni vifundo vile vile. Mkulima akiukata kwa jembe vipande kumi, ameupanda mara kumi. Shambani hautolewi kwa kukatwakatwa. Huchimbuliwa wakati wa kiangazi, mashina yake huachwa juu juani mpaka yakauke kabisa, kisha hukusanywa.

Kwa hiyo uwanja wenye ukoka lazima uwe na mpaka. Kati ya uwanja na bustani chimbeni mtaro mwembamba wa kina cha sentimeta 20, au zikeni matofali yaliyosimama. Kila mwezi mtoto mmoja apite na panga, akate nyuzi zinazovuka. Msitupe nyuzi hizo shambani wala katika shimo la mbolea zikiwa mbichi. Zianikwe juani kwanza.

Kama uwanja wenu umepakana na shamba la jirani, mwendeeni kwanza mseme naye. Yeye ndiye atakayeumia mkisahau mpaka.

Na kama mahali penu pana mteremko mkali, ukoka peke yake hautoshi. Hapo pandeni mistari ya vetiva, majani marefu ambayo mizizi yake hushuka chini sana, na ukoka uwe kati ya mistari.

Maswali

1. Kwa nini maji ya mvua yanayotoka uwanjani ni mekundu?
2. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha juu ya uwanja wa meta 15 kwa meta 8, ni litri ngapi?
3. Taja njia mbili za ukoka za kuenea.
4. Kwa nini ukoka hauoti vizuri chini ya mwembe?
5. Mistari ya kupanda ifuate mteremko au iukate? Eleza sababu.
6. Kwa uwanja wa meta za mraba 120, mtahitaji vipande vingapi?
7. Kwa nini mkulima anayeukata ukoka kwa jembe huuongeza?

Kazi ya kufanya. Pigeni kigingi uwanjani, mahali pasipo na majani, na kingine mahali penye ukoka. Juu ya kila kigingi chorezeni alama mahali udongo unapofika. Mwisho wa miezi ya mvua pimeni tena. Andikeni katika daftari ni sentimeta ngapi za udongo zimeondoka mahali pa kwanza, na ngapi mahali pa pili. Kisha waonyesheni wazazi nyumbani.